Majibu yamekuja mengi mpaka kichwa kinauma? Yapange mafungu kwanza, kusoma baadaye

Chukua simu yako sasa hivi, andika mwani unakuwa mweupe, alafu angalia kinachokuja. Juu kabisa mara nyingi kuna muhtasari wa AI, chini yake video, chini ya video kuna mtu anauza sabuni ya mwani, kuna kopo la unga wa mwani wa kunywa eti unamaliza kila ugonjwa, kuna habari ya wakulima wa Zanzibar, kuna andiko la watafiti wa Indonesia lenye kurasa kibao, kuna picha, kuna posti ya mtu haijulikani hata ya mwaka gani. Vyote viko kwenye foleni moja. Na wewe ulikuwa na swali moja tu, mwani wako kwenye kamba umeanza kupauka na kukatika, ufanyeje kabla bamvua lijalo.

Hili jambo linaniuma kweli kwa sababu naona mama zetu wanaolima mwani huku Mkinga na Pangani, naona wanafunzi hapa mjini Tanga, watu wenye akili zao timamu kabisa, wanasachi dakika kumi wanaweka simu chini wanasema hamna kitu. Kitu kipo! Kimefukiwa tu na vitu vingine. Bando limeisha, macho yamechoka, na jibu lilikuwa pale ukurasa wa pili kwenye PDF ambayo hakuna aliyeifungua. Kwa hiyo leo naelekeza namna ninavyopanga majibu ya kusachi, na mfano ntaoutumia ni huo huo wa mwani mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane.

Cha kwanza elewa kwa nini foleni inachosha. Google inapanga majibu kwa makadirio yake ya nini kinaendana na maneno uliyoandika, haijui kama wewe una kamba baharini au unatafuta sabuni ya uso, kwa hiyo inachanganya wote. Ukisoma kutoka juu kushuka chini unabadilisha mada kila sekunde, mara ugonjwa, mara bei, mara urembo, mara ugonjwa tena, na kichwa hakishiki chochote. Ukienda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga asubuhi vyombo vikishaingia samaki hawauzwi vile walivyotoka kwenye wavu, changu kivyao, tasi kivyao, dagaa kivyao, wanawekwa mafungu ndo mnunuzi anaona anachotaka. Majibu ya kusachi nayo yanataka hivo hivo.

Na hili wazo siyo langu wala siyo la jana. Mwaka 1992 watafiti wa maabara ya Xerox PARC kule California walitoa mfumo unaitwa Scatter/Gather, yaani kompyuta inachukua nyaraka nyingi inazigawa mafungu, wewe unachagua fungu linalokuhusu, inaligawa tena, mpaka unafika unapotaka. Mwaka 2004 ikaja Clusty, injini ya kusachi iliyokuwa inaweka mafungu pembeni ya majibu, na mpaka leo kuna programu ya bure inaitwa Carrot2 inafanya kazi hiyo hiyo. Ila injini kubwa tunazotumia kila siku zimebaki na foleni, kwa hiyo mafungu inabidi tuyaweke wenyewe, kwa mkono, na wala siyo kazi ngumu.

Anza na daftari kabla ya simu. Andika swali lako alafu livunje vipande vitatu au vinne, kila kipande ni kitu ambacho ukijibiwa utafanya uamuzi. Kwa mwani mimi ningeandika hivi: kwa nini unapauka, nifanye nini na uliopo sasa hivi kwenye kamba, msimu ujao nipande mbegu ipi na wapi, na nani ananunua kwa bei gani. Hivyo vipande ndo majina ya mafungu yako. Jibu lolote litakalokuja ama linaingia kwenye fungu moja hapo ama halikuhusu leo, hata kama linapendeza. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu inaonekana ya kitoto lakini ndo inabeba kila kitu, maana bila majina ya mafungu kila linki inaonekana muhimu na unafungua zote.

Ongeza fungu moja la tano, liite bado. Hilo ni la vitu vinavyovutia ila siyo vya leo, kama kutengeneza sabuni ya mwani kuuza mjini. Usivitupe, viweke hapo, kichwa kitatulia kikijua havijapotea.

Sasa majina. Kitu kimoja kina majina tofauti kulingana na nani anazungumza na ukibadilisha jina unabadilisha watu wanaokujibu. Ukiandika mwani utapata Watanzania na Wakenya, habari, vikundi, video za wakulima wenzetu. Ukiandika cottonii au spinosum utapata wanunuzi na wafanyabiashara, ndo majina ya sokoni hayo na hata wakulima wanayatumia. Ukiandika Kappaphycus alvarezii, ambayo ndo cottonii, au Eucheuma denticulatum, ambayo ndo spinosum, utaingia kwa watafiti moja kwa moja, sabuni na makopo yanapungua sana. Na ule ugonjwa wa kupauka watafiti wanauita ice-ice, ukishalipata hilo neno umefungua mlango. Kwa hiyo usitafute mara moja kwa sentensi ndefu yenye kila kitu ndani, tafuta mara tatu nne fupi fupi, kila mara jina jingine, tayari hapo umeshaanza kupanga kabla hujasoma hata mstari.

Alafu kuna kukata takataka kabla hazijafika, na hapa ntakaa kidogo maana ndo penye faida kubwa na watu wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Maneno mawili au zaidi ukitaka yakae pamoja vile vile yalivyo yafungie kwenye alama za nukuu, "kilimo cha mwani", hapo haikuletei kurasa za kilimo cha mahindi zenye neno mwani mahali fulani chini. Ukitaka kitu kisije weka alama ya kutoa mbele yake, mwani -sabuni -urembo, ila angalia, alama ya kutoa inagusana na neno, hakuna nafasi katikati, na simu nyingi zinapenda kujiwekea nafasi zenyewe, ukiona haifanyi kazi rudi uangalie hapo kwanza. Ukitaka tovuti za aina moja tu tumia site na nukta mbili bila nafasi: mwani site:go.tz inakuletea tovuti za serikali yetu, site:ac.tz inakuletea vyuo vyetu, site:fao.org inakuletea Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ukitaka nyaraka zenyewe badala ya watu wanaozisimulia ongeza filetype:pdf. Unaweza kuziunga, mfano Kappaphycus ice-ice Tanzania filetype:pdf, utashangaa foleni inavyokuwa fupi na inavyokuwa na maana.

Mwaka pia unakatwa, andika after:2018 mwishoni inakuletea vya baada ya hapo tu. Lakini mwaka unategemea swali, usiufanye kuwa mazoea. Bei ya mwani ya miaka mitano nyuma haikusaidii chochote. Sababu ya ugonjwa utafiti wa 1995 bado una kazi, kwanza ntautaja hapo chini. Na mwanafunzi anayeandika kuhusu mkonge wa Tanga akitaka kujua ulifikaje huku, yule Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, sasa huyo mwanafunzi akikata miaka anajinyima nyaraka za zamani ambazo ndo zenye habari. Kwa kila fungu jiulize mwaka una maana au hauna.

Kama unataka video na muhtasari wa AI viondoke vyote ubaki na linki tupu, Google tangu 2024 wana kichujio kinaitwa Web, kiko kwenye ule mstari wa Picha, Video, Habari, saa zingine kimejificha kwenye Zaidi. Kwa mwenye bando dogo hiki ni kitu kizuri sana.

Haya, majibu yamekuja. Mzunguko wa kwanza usisome. Narudia usisome, maana hapa ndo watu wanazama. Unaangalia vitu vitatu tu kwenye kila jibu: kichwa cha habari, anwani ya tovuti, na mwaka kama upo. Kwa hivyo vitatu unaweza kusema hili linaenda fungu gani. Ukibonyeza linki na kuishikilia kidogo simu itakuuliza kama ufungue kwenye tabo mpya, fungua, endelea na inayofuata. Kwenye Chrome unaweza kuziweka tabo kwenye makundi, ukiziburuta moja juu ya nyingine zinakaa pamoja, lipe kundi jina la fungu lako na rangi. Sababu. Sasa hivi. Mbegu. Soko. Kama simu yako ni ndogo na inazidiwa na tabo basi acha tabo, andika tu kwenye daftari anwani fupi chini ya fungu lake, inatosha kabisa.

Kuna mpango wa pili wa kuangalia wakati unapanga nao ni nani anazungumza. Mtafiti, serikali, muuzaji, au mkulima mwenzako. Wote wana kazi yao na simdharau yeyote, mkulima wa Unguja anayeonyesha kwa video jinsi alivyohamisha kamba zake anaweza kukusaidia kuliko PDF ya kurasa arobaini, lakini muuzaji wa mbolea ya maji akikwambia dawa ya kupauka ni mbolea yake unatakiwa ujue umesikia kwa nani. Naweka herufi tu pembeni, M ni mtafiti, S serikali, B biashara, K mkulima. Ukiona fungu zima limejaa B ujue bado hujatafuta.

Na hesabu vyanzo, usihesabu linki. Hili ni kubwa. Sachi habari za silikanti wa Tanga, yule samaki wa kale ambaye hifadhi yake ya bahari ilianzishwa hapa kwetu mwaka 2009, utapata kurasa chungu nzima na nyingi zinaanza na stori ile ile ya samaki aliyepatikana Afrika Kusini mwaka 1938 kwa maneno yale yale karibu, mmoja kaandika wengine wamenakili. Ukizisoma zote unachoka na umepata habari moja. Kwa hiyo ukiona aya ya kwanza inafanana na uliyoisoma, funga, weka alama tu kwamba ni ile ile. Kwenye mwani utaikuta hali hii sana kwenye habari za bei na za miradi, taarifa moja imetoka wizarani na magazeti na blogu zimeirudisha vile vile.

Sasa ndo unasoma, fungu moja kwa wakati mmoja, ukianza na lile la haraka. Mimi ningeanza na nifanye nini sasa hivi maana mwani hausubiri. PDF ndefu usianze ukurasa wa kwanza, kwenye menyu ya simu kuna tafuta kwenye ukurasa, andika ice-ice au neno lako, ruka mpaka linapotajwa, soma aya ya juu na ya chini yake, alafu soma hitimisho. Andiko la Kiingereza likikushinda lipitishe kwenye Google Tafsiri ila jina la ugonjwa na majina ya aina za mwani yaache kama yalivyo, ukiona barafu kwenye tafsiri ujue ndo ugonjwa wenyewe umetafsiriwa.

Kila unachosoma kikaishie kwenye mstari mmoja wa daftari wenye vitu vitano: fungu gani, nani kasema, mwaka, alikuwa wapi, na amesema nini kwa sentensi moja ya kwako mwenyewe. Mfano wa mistari yangu: Sababu, mtafiti, 1995, maabara, mwani ulipauka maji yalipofika nyuzi joto 33 mpaka 35, na pia chumvi iliposhuka mpaka sehemu 20 kwa elfu au chini. Mstari mwingine: Sababu, mtafiti, bakteria wanaingia mwani ukishadhoofika kwa joto au maji ya mvua yasiyo na chumvi, siyo wao peke yao wanaoanza. Mwingine: Mbegu, mtafiti na mkulima wote wawili, Tanzania, cottonii inashambuliwa zaidi, spinosum inavumilia ila bei yake iko chini. Mwingine: Sasa hivi, vuna mapema kabla haujakatika wote, toa matawi yaliyopauka, usichukue mbegu kwenye mwani unaoumwa. Mwingine: Mbegu na wapi, peleka kamba kwenye maji ya kina zaidi, siyo maji ya vigingini yanayochemka maji yakitoka.

Angalia kitu kilichotokea. Mistari mitano tu na picha imekaa. Joto la kaskazi linadhoofisha, maji ya mvua za masika yanapunguza chumvi karibu na mito, kwa hiyo ukiangalia kalenda yako ya kamba unajua ni lini uwe macho. Hilo hakuna ukurasa mmoja ulioniambia kwa mpangilio huo, limetoka kwenye kupanga.

Ile safu ya alikuwa wapi usiiache. Ice-ice iliripotiwa Ufilipino tangu miaka ya 1970 na maandiko mengi yanatoka huko na Indonesia, ni mazuri, ila misimu yao siyo kaskazi na kusi yetu, wakisema mwezi fulani ni mbaya usiuchukue mwezi, chukua sababu. Kilichoandikwa kuhusu Zanzibar kinakaribia hali yetu, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko huko huko na wameufanyia mwani kazi kubwa, kwa hiyo ukiona jina la taasisi hiyo kwenye jibu lipandishe juu kwenye fungu lake.

Muhtasari wa AI je? Mimi siufumbii macho. Naufanya kama orodha ya maneno ya kutafuta, unaweza kunitajia jina la ugonjwa ambalo sikulijua na hapo umenisaidia sana, lakini hauingii kwenye daftari mpaka nifungue linki zilizo pembeni yake nione nani hasa kasema. Ukiandika kilichosemwa na AI peke yake, kwenye safu ya nani kasema unakosa cha kuandika, na hiyo yenyewe inakuonyesha shida iko wapi.

Kwa wanafunzi na yeyote anayetaka kuingia ndani zaidi kuna Google Scholar, ipo tangu 2004, ni bure, maandiko ya kitaaluma tu. Pembeni unachagua kuanzia mwaka gani, chini ya kila andiko kuna nyota ya kuhifadhi na kuna sehemu inayoonyesha maandiko mengine yaliyolitaja. Hiyo ya mwisho ni dhahabu, ukipata andiko moja zuri la zamani unabonyeza hapo unaletewa waliokuja baadaye wakaliongezea au kulipinga, hata foleni huihitaji tena.

Unaacha lini? Mimi naacha fungu pale majibu matatu mapya mfululizo yasipoleta mstari mpya kwenye daftari. Hapo fungu limejaa. Funga tabo zake zote bila huruma, vilivyo vya maana umeshaviandika, na PDF moja au mbili nzuri umezidaunlodi. Zipe majina ya kueleweka, mwani-sababu-1995, usiache zile namba ndefu zinazokuja nazo maana kesho hutaziona. Kama daftari linapotea potea nyumbani jitumie mwenyewe WhatsApp, siku hizi unaweza kujiandikia meseji kwenye namba yako, kila fungu meseji moja, ukihitaji unalitafuta kwa jina lake. Na kama uko kwenye kikundi cha wakulima usirushe linki kumi na mbili kwenye grupu, utakuwa umewahamishia mzigo wote wenzako, rekodi sauti fupi kwa kila fungu, na linki moja ile bora chini yake.

Kuna maswali yatabaki matupu, fungu lina jina ila halina mstari, na kwa mambo ya hapa kwetu hilo linatokea sana, mfano chumvi ya maji pale unapolima wewe hasa haiko kwenye intaneti yoyote. Hayo yapeleke kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, na ukienda usiende na swali la jumla. Mwambie ni aina gani umepanda na mbegu ulitoa wapi, kamba zako ziko kina gani maji yakitoka, kupauka kumeanza lini, mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini, muonyeshe picha ulizopiga asubuhi ile, na daftari lako libebe aone ulichokwisha kusoma ili asikurudishe mwanzo.